Matuta ya Uluguru na Swali Ambalo Halikuulizwa

Mjukuu wangu anafanya kazi Dar es Salaam, katika kampuni inayotengeneza programu za simu. Alipokuja Mkuyuni likizo iliyopita kunisalimia, tulikaa barazani jioni, akafungua kompyuta yake anionyeshe kazi inayompa ugali. Niliona jedwali kubwa. Upande mmoja watengenezaji walikuwa wameandika walichokusudia: mtu abonyeze hapa, kisha aende pale. Upande wa pili yaliandikwa maneno ya watu waliopewa simu ili waijaribu programu hiyo: "Sikuona pa kubonyeza." "Nilidhani fedha zimekwisha kwenda." "Neno hili silielewi." Mmoja yuko Kariakoo, mwingine Mwanza, lakini wote wanaliona jedwali lilelile, na kila mmoja anasoma alichoandika mwenzake. Akaniambia kwamba hoja ya mjaribu haifutwi mpaka mjaribu mwenyewe aseme ameridhika.

"Babu," akasema, "hii ndiyo tofauti yetu na ninyi. Ninyi zamani mlitengeneza tu, mkawaachia watu."

Sikumjibu usiku ule. Asubuhi nilimpeleka shambani kwa marehemu bibi yangu mzaa mama, mlimani juu ya kijiji. Nataka kumweleza msomaji yale niliyomweleza mjukuu, na mengine ambayo sikupata nafasi ya kuyasema kwa sababu kupanda mlima na kuzungumza ni kazi mbili, nami pumzi zangu siku hizi zinatosha moja.

Anayetoka Morogoro mjini kwa barabara ya Kisaki anakuwa na milima ya Uluguru mkono wa kulia muda mwingi wa safari. Anafika Mkuyuni, kisha Matombo, na huko mbele barabara inateremkia tambarare. Mvua inayotoka baharini inagonga kwanza upande huu wa mashariki, ndiyo maana milima yetu ni ya kijani na mito yake haikauki. Maji ya Uluguru yanaingia mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Hilo ni vema likumbukwe, kwa maana tangu zamani watu wa mbali wameutazama mlima huu kama tangi la maji, hali wanaouishi wanautazama kama shamba.

Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha hapa mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi. Sababu yake haikuwa ya kipuuzi. Katika miaka ya 1930 upepo ulikuwa umepeperusha udongo wa mashamba makubwa ya Marekani, na tangu hapo maofisa wa kilimo katika makoloni waliogopa mmomonyoko kama watu wanavyoogopa ndui. Waliangalia miteremko yetu mikali, wakaona mahindi yamepandwa hadi karibu na msitu, wakaona mito inavyokuwa myekundu wakati wa masika, wakasema mlima huu unakwisha. Katika Usambara na Usukumani nako mipango ya namna hiyo ilikuwa imeanza.

Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi: mteremko ukatwe vipande vilivyolala, kimoja juu ya kingine, kama ngazi za nyumba ya ghorofa. Pamoja na hayo zilitolewa amri za kutochoma majani wakati wa kuandaa shamba na kutolima kando ya vijito. Amri zilipitia kwa utawala wa wenyeji, yaani sultani na watu wake wa chini, na asiyetii alikabiliwa na faini au kifungo.

Nilikuwa mtoto mdogo siku zile, kwa hiyo ninayoyajua ya nyumbani ni yale aliyonisimulia bibi baadaye, miaka ya 1960, nilipokuwa nikirudi likizo kutoka shule. Yeye hakuwa na neno moja juu ya siasa. Habari yake ilikuwa ya udongo. Alichukua jembe, akachimba kidogo pembeni mwa njia, akanionyesha: juu kuna udongo mweusi, kina chake hakifiki hata kiwiko, chini yake ni mwekundu, mgumu, usio na kitu. "Sasa," aliniambia, "ukikata mlima uwe ngazi, huu mweusi unautupa chini, unafukiwa, na huu mwekundu unakuwa ndio shamba. Wametuambia tuugeuze mlima tumbo juu." Mahindi yaliyopandwa juu ya tuta jipya yalitoka manjano, na hayakunifika mimi kifuani, ingawa nilikuwa mtoto.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mkufunzi, nilikuta jambo lilelile katika maandishi ya mtaalamu. Paul Temple, mwanajiografia aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1972 juu ya sera za hifadhi ya udongo katika Uluguru, akaeleza kwamba matuta ya aina ile hayakufaa kwa udongo wetu mwembamba. Nilisoma ukurasa ule nikacheka peke yangu maktabani, kisha sikucheka tena. Bibi alikuwa ameyajua hayo tangu msimu wa kwanza. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini neno lake lifike kwenye karatasi, na hata lilipofika halikupitia kwake.

Udongo ulikuwa tatizo moja. Lingine lilikuwa la haki ya ardhi. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa kikeni, tunaouita lukolo. Mwanamume mara nyingi hulima ardhi ya ukoo wa mkewe, na anayelima ardhi ya ukoo mwingine zamani alitoa ngoto, zawadi ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Sasa fikiri: mtu wa namna hiyo anaamriwa ajenge juu ya ardhi ya watu kitu cha kudumu, kitu kinachotaka jasho la miezi. Akijenga, wenye ardhi watasema anataka kuimiliki. Asipojenga, serikali inamshtaki. Na mwenye ardhi naye, akiona kazi yote ile imefanywa na mgeni, atamtoaje? Yule aliyechora ngazi mezani alichora umbo la mlima tu.

Nimejiuliza mara nyingi kama maofisa wale walikuwa wajinga. Hapana. Hatari waliyoiona ilikuwepo. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa milima yetu, kwa muda usiozidi saa tatu hivi, na ardhi ikaporomoka mahali zaidi ya elfu moja. Watafiti waliokwenda kuhesabu waliona kwamba ndani ya msitu maporomoko yalikuwa machache mno. Mengi yalikuwa mashambani na malishoni. Mlima kweli unateremka. Na hata matuta yenyewe hayakukataliwa kila mahali. Huko huko Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza, wakatia samadi na kumwagilia maji, ngazi ziliwafaa, na hadi leo mgeni anaziona. Kwa hiyo chombo kilekile kilikuwa kizuri kwa mtu mmoja na kibaya kwa mwingine, na hakukuwa na njia ya kulijua hilo ila kuwauliza wote wawili.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Serikali ile ilikuwa na vyombo vingi vya kupeleka neno mlimani: ilikuwa na amri, baraza, mabwana shamba, mahakama na faini. Haikuwa na chombo hata kimoja cha kuleta neno kutoka mlimani. Msomaji atasema, mbona baraza lilikuwepo? Lilikuwepo. Lakini mkutano ambao mmoja amekaa kitini na wenzake wote wamekaa chini, na mwenye kiti ndiye mwenye uwezo wa kumfunga aliye chini, hauwezi kuleta habari mbaya. Majumbe walipokea mshahara kutoka juu. Bwana shamba, mara nyingi kijana wa Kiafrika kama sisi, angesemaje kwa mkubwa wake kwamba matuta aliyoyasimamia yanaua mahindi? Kilichokuwa rahisi kuhesabu ni urefu wa matuta yaliyochimbwa. Njaa ya mwaka unaofuata haikuwa na safu yake katika daftari.

Neno lisilo na njia hutafuta njia. Chama cha TANU kilizaliwa Julai 1954, na watu waliochoshwa na matuta walikikaribisha. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga, ghasia zikatokea, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Katika mwaka uleule kulazimisha matuta kukaachwa. Wanawake walikuwa mstari wa mbele katika upinzani huo, nami sishangai. Wao ndio walioshika jembe siku nyingi zaidi, na ndio waliopima unga wa jioni.

Uchunguzi ulikuja baadaye. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa mambo ya jamii, pamoja na Roland Young kutoka Marekani, walitoa kitabu chao juu ya ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960. Ni kitabu cha maana, nimekitumia kufundishia. Humo wamesikiliza wazee, wamefafanua lukolo na ngoto, wameeleza kwa nini mambo yalikataa. Lakini tazama tarehe. Mpango 1950, risasi 1955, kitabu 1960. Kuwasikiliza watu kulikopaswa kuwa kwa kwanza kulikuwa kwa mwisho.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Wasomaji wa rika langu wanaijua Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa majuma tisa hivi, sehemu kubwa ya kazi ukiifanya kwa ndege, ukashauri karanga zilimwe kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ikaanza 1947. Mchanga ulikula majembe ya matrekta, kiangazi kikaufanya udongo mgumu kama saruji, mvua haikuja kwa ratiba ya London, na Januari 1951 mpango ukafungwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Wagogo wenyeji walikuwa wakiitazama mitambo inavyopita. Kuhusu mvua ya Kongwa wangeweza kusema mengi.

Ningeishia hapo, habari hii ingekuwa ya kuwalaumu wakoloni, nasi tungelala usingizi mzuri. Lakini nilipofika hapa mjukuu wangu aliniuliza, "Na wewe, Babu? Ulipokuwa mkuu wa chuo uliwauliza watu?"

Mwaka 1994 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Shule yetu ya mazoezi ilikuwa na uhaba mkubwa wa madawati, watoto wa darasa la kwanza walikaa sakafuni. Mimi na fundi seremala wa chuo tulikaa ofisini, tukachora dawati. Vipimo tulivitoa vichwani mwetu. Nadhani kwa siri tulipimia miili yetu, kisha tukapunguza. Tulitengeneza arobaini. Siku ya kuyakabidhi nilitoa hotuba, watoto wakapiga makofi, ndafu ikaliwa.

Muhula mzima ulipita. Siku moja nilipita dirishani mwa darasa la kwanza bila taarifa, nikaona ajabu: watoto wote wamepiga magoti juu ya viti, wameinama kuandika. Meza ilikuwa mbali na kiti, na juu mno. Aliyekaa kama nilivyokusudia hakuweza kufikia daftari lake. Nilimwita mwalimu wao, mama mtulivu aliyefundisha kwa miaka mingi kuliko mimi, nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akaangalia chini. "Mkuu," akasema, "tuliona tusikuvunje moyo."

Nimeyakumbuka maneno hayo kuliko hotuba yangu. Nilikuwa nimekalia kiti cha Bwana Shauri bila kujua.

Tulilopanga baadaye halikuwa la kitaalamu. Tulichukua daftari kubwa la mistari, tukalifunga kwa kamba kwenye msumari darasani. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa fundi: aandike amebadili nini na kwa nini. Ukurasa wa kulia ulikuwa wa mwalimu, naye aliwauliza watoto na kuandika kama walivyosema. Mimi sikuruhusiwa kuandika, nilisoma tu. Fundi alitengeneza dawati moja, siyo arobaini, likakaa darasani juma moja. Ukurasa wa kulia: "Miguu haifiki chini, inakufa ganzi." Kushoto: "Nimekata inchi mbili." Kulia: "Sasa wanafika, lakini ubao wa nyuma unawachoma." Na neno moja ambalo sisi watu wazima tusingelifikiria hata tungekaa mwaka: "Kalamu zinabiringika zinaanguka, wanagombana." Fundi akachonga mfereji mdogo juu ya meza. Tulifika dawati la nne kabla ukurasa wa kulia haujaandikwa kwamba sasa watoto wanakaa na kusahau kwamba wamekaa.

Thamani ya daftari lile, kwa jinsi nilivyoiona, ilikuwa kwamba lilikuwa na mdomo ambao mwalimu yule hakuwa nao. Ana kwa ana, heshima ilimzuia, na heshima ni jambo jema, sisemi tuiache. Lakini kwenye karatasi, juu ya kitu cha mbao, aliweza kusema ukweli bila kunivunjia adabu. Nilipoliona jedwali la mjukuu wangu nililitambua mara moja. Lina umeme na linafika Mwanza, lakini ni daftari lile lile la msumarini.

Yeye naye alinipa mfano ambao sikuujua vizuri. M-Pesa, ambayo leo bibi kizee wa Kinole anaitumia bila miwani, ilianza kwa majaribio nchini Kenya Oktoba 2005, katika Nairobi na Thika, kwa watu wasiofika mia tano, wateja wa taasisi ya mikopo ya Faulu. Watengenezaji walikusudia jambo moja: watu warudishe mikopo yao kwa simu. Walipowatazama wakitumia waliona mengine. Watu walitumiana fedha wao kwa wao, mmoja akamlipia mwenzake, mwingine akaweka fedha asizibebe njiani. Basi lile la mikopo likawekwa kando, na huduma iliyotangazwa Machi 2007 ilikuwa ya kutumiana fedha. Mwaka uliofuata ikaingia kwetu. Nilimwambia mjukuu kwamba kuona kitasa hakifungi, huo ni ukaguzi wa kawaida. Hawa walimwambia fundi kwamba alichojenga ni nyumba, siyo ghala, na fundi akakubali.

Sharti nimalize na mlima. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalifanya kazi na wakulima wa Kibungo Juu, jirani zetu, katika bonde la mto Mfizigo. Safari hii walioko chini, wanunuzi wa maji, yaani DAWASCO ya Dar es Salaam na kampuni ya Coca-Cola, walichangia malipo kwa wakulima wanaotunza ardhi. Kulikuwa na miti, majani ya kuzuia udongo, makinga maji, na matuta ya ngazi pia. Ndiyo, yale yale. Nilisikia wazee wakinong'ona walipoziona kamba za kupimia. Ila sasa mkulima alikuwa na njia zaidi ya moja za kuchagua, hakuna aliyefungwa kwa kukataa, na anayechimba alilipwa kwa sababu imekubaliwa kwamba anafanya kazi kwa faida ya mwingine. Na hapa Morogoro shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, lililoanzishwa 2011, limekuwa likiwakutanisha wakulima na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wakulima wanaeleza matatizo, wanafunzi wa chuo wanayafanyia utafiti, na majibu yanarudishwa kwa wakulima. Sisemi kila kitu kimenyooka. Malipo ya mradi huisha mradi unapoisha, na mtafiti huondoka akishapata shahada yake.

Tulipofika shambani kwa bibi, mjukuu alitazama huku na huko, akaniuliza matuta yako wapi. Nilimwonyesha mistari miwili mitatu juu, inayoonekana tu jua likiwa limelala, kama makovu ya zamani. Hayo aliyabomoa yeye mwenyewe, yeye na dada zake, baada ya 1955. Kisha tukateremka hadi chini kabisa, karibu na kijito, mahali udongo mweusi unapokusanyika na kuwa mzito. Hapo lipo tuta moja zima, limesimama vizuri, lina migomba na magimbi. Kila miaka michache bibi alilikarabati kwa mkono wake, hadi alipozeeka, na baada yake mama yangu.

"Kwa nini hili hakulibomoa?" mjukuu akauliza.

Nilimwambia kwamba alikuwa wa kwanza kuuliza.